Jinsi ya Kuitwa Fundi wa Kompyuta Mtaani kwa Bisibisi Moja na Amri Sita

Sogea karibu nikuambie. Unataka kuitwa fundi. Unataka jirani abishe hodi saa mbili usiku, laptopu kwapani, aseme: "Samahani fundi, hii kitu imekuwa nzito." Sote tunalipenda jina hilo, na anayekataa muulize mara ya pili. Mimi nimeitwa hivyo miaka mingi, na mzigo wote ulionipa jina unaenea kwenye mfuko wa shati: bisibisi ndogo ya msalaba, fleshi moja, na karatasi yenye amri sita. Nitakupa vyote leo. Usihofu kwamba unamdanganya mtu. Laptopu itapona kweli, na jirani hakuja kwako kukutahini, kaja apone.

Hatua ya kwanza: pima kabla hujagusa

Usikimbilie bisibisi. Washa mashine, kaa, tazama saa.

Mwalimu mmoja mstaafu wa mtaani kwetu aliniletea ThinkPad X230, mashine ya mwaka 2012 aliyoinunua Kariakoo ikiwa used ya Dubai. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba mwanangu." Akaniambia kila asubuhi huiwasha kwanza, ndipo hubandika chai, na chai huiva kabla ya mashine. Nikabonyeza kitufe, nikatazama saa ya ukutani, tukapiga soga. Dakika sita na ushee. Nikaandika namba hiyo kwenye karatasi mbele yake na kumpa aishike.

Namba hiyo ndiyo njia ya mkato ya kwanza. Mwenye laptopu hajui SSD ni nini, wala si wajibu wake kujua, lakini dakika sita anazijua, zimemla maisha. Ukimaliza kazi utapima tena, mkitazama saa ileile, na hutahitaji kueleza neno.

Hatua ya pili: badili diski, upokee sifa

Hapa ndipo penye siri kubwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Laptopu nyingi za mitumba zinazoitwa nzito hazina ugonjwa wa prosesa. Zina diski ya zamani: ndani yake sahani inazunguka mara 5,400 kwa dakika na mkono mwembamba unakimbia huku na huko kutafuta faili, kama karani mmoja mwenye kabati mia. SSD haina sahani wala mkono. Hakuna kinachozunguka. Weka SSD kwenye mashine ileile, usibadili kingine chochote, na mtu ataapa umemletea laptopu mpya.

Kwenye X230 kazi yenyewe ni hii. Zima, chomoa chaji, toa betri. Ubavuni kuna kifuniko kidogo chenye skrubu moja. Ifungue, kifuniko kinatoka, unaona ulimi wa plastiki. Uvute polepole, diski inateleza nje kama droo ya meza. Ina mipira miwili pembeni. Ivue, ivike kwenye diski mpya, sukuma ndani mpaka usikie imekaa. Rudisha kifuniko. Basi. Jambo la kuchunga ni unene: X230 inapokea diski ya milimita 7, na ile ya milimita 9.5 haitaingia hata uiombe. Tazama kabla ya kununua.

Ifanye kazi hiyo mbele ya mwenyewe. Mafundi wengi huchukua laptopu, wakasema njoo kesho, wakaifungua usiku kana kwamba wanaagua. Wewe fungua mchana, mezani, mwenyewe akitazama. Mwalimu alipoona ni skrubu moja, alicheka mpaka akakohoa. Heshima yangu haikupungua. Alimwita mkewe aje kuona.

Ukiwa bado na pesa yake mkononi, ongeza ramu. X230 ina nafasi mbili na inabeba hadi GB 16, ila GB 8 zinamtosha mtu wa barua, intaneti na majedwali. Ramu za DDR3 zilizotumika zinapatikana bila tabu. Halafu safisha feni kwa brashi laini, ukiizuia kwa kijiti cha meno isizunguke. Vumbi la miaka kumi likitoka kama pamba, mwonyeshe nalo.

Hatua ya tatu: weka Linux, bila mahubiri

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha matengenezo ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo mashine ya 2012 haina. Kwa hiyo watu wengi wameambiwa laptopu zao zimekufa, nazo zinapumua. Hili linaniuma. Chuma kizima, kioo kizima, kibodi inayobonyezeka kuliko nyingi za leo, halafu mtu aambiwe aitupe kwa sababu ya karatasi ya masharti.

Chukua Linux Mint, toleo la Xfce. Linaomba GB 2 za ramu, na likipata GB 4 linajisikia nyumbani. Faili lake ni karibu GB 3, kwa hiyo lipakue usiku bando likiwa rahisi. Weka programu ya Ventoy kwenye fleshi, kisha nakili faili hilo humo kama unavyonakili wimbo. Siku ukitaka Debian au Ubuntu unalinakili pembeni yake, fleshi ileile. Usiruhusu mtu akuchoshe na mjadala wa distro, yaani aina ya Linux, ipi bora. Nimezijaribu nyingi, tofauti zinazogombaniwa mwalimu hatazigundua mpaka mwisho wa maisha yake. Atakachogundua ni kama printa yake inatoa karatasi.

Njia ya mkato yenyewe: usisakinishe kwanza. Chomeka fleshi, washa ukibonyeza F12, chagua fleshi, Mint inafunguka bila kugusa diski. Jaribu waifai, sauti, kamera, printa. Mpe mwenyewe mausi aguseguse. Akiipenda, ndipo unakili faili zake pembeni na kusakinisha. Asipoipenda, toa fleshi, washa upya, kila kitu kipo kama alivyokileta. Kushindwa kwa namna hiyo hakukugharimu kitu, na mtu atarudi kwako tena.

Na kuna watu unatakiwa kuwaambia hapana. Mwenye duka ambaye hesabu zake zote ziko kwenye programu inayokubali Windows tu, mwachie Windows yake, mbadilishie diski, mwambie ukweli kuhusu usalama. Ukimlazimisha Linux ukamwangushia biashara, jina la fundi litakwisha kabla ya Ijumaa.

Akiuliza hii Linux ni nini, usianze somo. Mwalimu aliniuliza, nikamwonyesha simu yake ya Android: "Mwalimu, umekuwa ukiitumia tangu ununue hiyo. Ndani yake kiini ni Linux." Kama anataka zaidi, mwambie ilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa miaka 21 huko Helsinki, Linus Torvalds, aliyeitangaza kama jambo la kujifurahisha tu, na kwamba tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zilizo kwenye orodha ya zenye nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa nayo. Kisha nyamaza, fungua ukurasa wa kuandikia barua. Mwalimu wangu alifurahi zaidi nilipomkumbusha kwamba mwaka 2004 watu wa mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Alikuwa amewahi kuiona. Alizungumza juu yake nusu saa, nami nikapata muda wa kusakinisha.

Hatua ya nne: amri sita, wala usizidishe

Watu wanajua amri mia mbili na hakuna anayewaita. Wewe jua sita, lakini uzijue kama njia ya kwenda kwenu.

Kwenye dirisha la terminal, lsblk inakuonyesha diski zilizochomekwa na ukubwa wa kila moja. df -h inakuambia nafasi iliyobaki. sudo apt update ikifuatiwa na sudo apt upgrade inaleta matengenezo; hiyo naihesabu moja kwa sababu huwa sizitenganishi. man ikifuatiwa na jina la amri yoyote inakufungulia kitabu cha amri hiyo, humo humo, bila bando. Bonyeza alama ya mkwaju, andika neno unalotafuta, soma mistari mitatu, toka. Hakuna anayesoma kitabu chote.

free -h inahitaji maelezo, maana imewatia wengi hofu. Ukiiandika utaona safu ya "free" ina namba ndogo ajabu, na mwenye laptopu akichungulia begani atashtuka: ramu imekwisha! Haijaisha. Linux ikiona ramu imekaa bure inaitumia kushika faili ulizofungua karibuni, ili ukizitaka tena zije haraka. Programu ikiihitaji ramu hiyo, inaiachia papo hapo. Namba ya kusoma ni ya safu ya mwisho, "available". Ukilijua hilo peke yake, umewazidi watu wengi wanaobishana kuhusu ramu mitandaoni.

Ya sita ni history. Hii ndiyo amri ya watu kama sisi. Inaorodhesha amri ulizowahi kuandika, kwa hiyo kazi uliyoifanya kwa kuhangaika mwezi uliopita leo unaiba kwako mwenyewe. Bonyeza Ctrl na R, andika herufi mbili tatu unazozikumbuka, amri nzima inajileta. Na kitufe cha Tab kikae chini ya kidole muda wote: andika mwanzo wa jina la faili, bonyeza, kompyuta inamalizia. Anayekutazama anaona vidole vyepesi. Wewe umeandika herufi tatu.

Sasa nisikilize vizuri. Kuna amri inaitwa dd, inayonakili diski moja juu ya nyingine bila kuuliza swali lolote. Usiku mmoja, nikiwa na haraka, niliandika sdb mahali pa sdc, majina ambayo Linux huzipa diski. Fleshi nilitaka iwe ya kusakinishia. Badala yake nikaandika juu ya diski ya nje yenye picha za arusi ya dada yangu. Sekunde chache zilitosha. Nyingi hazikurudi, na dada alinisamehe kabla mimi sijajisamehe. Ndiyo maana lsblk iko ya kwanza kwenye karatasi yangu. Iandike kabla ya kugusa diski yoyote, soma ukubwa kwa sauti, chomoa kila ambacho hakihusiki. Hapo hakuna njia ya mkato, na atakayekupa moja usimfuate.

Hatua ya tano: ujue kutoka ndani ya Vim

Siku moja utajikuta ndani ya Vim, programu ya kuhariri maandishi, bila kukusudia. Bonyeza Esc, andika nukta mbili, q, alama ya mshangao, kisha Enter. Umetoka. Usione aibu: mwaka 2017 Stack Overflow walitangaza kwamba swali la namna ya kutoka humo limefunguliwa zaidi ya mara milioni moja. Kwa kazi zako tumia nano, amri zake zimeandikwa chini ya skrini.

Lakini usiicheke Vim. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa mwaka 1991 na kuitunza hadi alipofariki mwaka 2023, aliwahi kufanya kazi ya maji na usafi Kibaale, mji mdogo wa kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Programu yake aliitoa bure, akaomba kwamba anayeipenda achangie watoto wa kituo cha huko. Kwa miaka mingi, mtu akiifungua Vim bila faili, iwe Tokyo au São Paulo, amekuwa akikutana na mstari unaowataja watoto wa Uganda. Mimi ninaposikia vijana wa Afrika Mashariki wakiitukana kwa sababu hawajui pa kutokea, huwa nawasimulia hilo.

Hatua ya sita: nenda dukani na fleshi yako

Mtu akikuomba umsindikize kununua laptopu, hapo jina lako linapanda au linashuka. Muuzaji atasema betri nzima, diski mpya, mashine haijatumika. Usibishane naye, na usimuite mwongo. Pengine naye aliambiwa hivyo. Omba tu kuiwasha kwa fleshi yako.

Fungua mipangilio ya umeme ya Xfce, ukurasa wa vifaa. Utaona namba mbili za betri: inayobeba sasa ikijaa, na iliyoundwa kubeba ilipotoka kiwandani. Ya sasa ikiwa nusu ya ile nyingine, unanunua nusu betri, na bei ishuke. Kisha fungua programu ya Disks, chagua diski, tazama taarifa zake za SMART, tafuta saa ilizokaa ikiwaka. Ukikuta saa 31,000, gawa kwa 24, kisha kwa 365: zaidi ya miaka mitatu na nusu bila kuzimwa. Mgeuzie muuzaji skrini asome mwenyewe. Sijawahi kuhitaji kupandisha sauti.

Fleshi za TB 2 zinazouzwa kwa bei ya chipsi mayai ziache. Ndani kuna chipu ndogo iliyofundishwa kusema uongo kuhusu ukubwa wake: unanakili, kila kitu kinaonekana kimeingia, na ukizidisha nafasi ya kweli faili zinapotea kimya. Ipo programu inaitwa F3. Amri ya f3write inaijaza fleshi, f3read inasoma kilichoingia kweli. Inachukua muda mrefu, kwa hiyo iache ikifanya kazi ukila chakula cha mchana.

Hatua ya saba: uliza kama mtu anayejua

Ukikwama, nakili mstari wa mwisho wa kosa, jinsi ulivyo, na kuutafuta mtandaoni. Toa kwanza jina lako na jina la mashine, hayo hayajulikani na mtu mwingine. Soma ArchWiki, tovuti ya maelezo ya aina ya Linux iitwayo Arch, hata kama hutumii Arch. Imeandikwa vizuri na mambo mengi ya humo yanafaa kwenye Mint. Video iangalie mwisho, kwa sababu ya bando na kwa sababu dakika nne za kwanza ni salamu.

Kwenye kundi la mafundi usiandike "nisaidieni haiwaki". Andika aina ya laptopu, ulichofanya, kilichotokea, na picha ya skrini isiyotikisika. Utajibiwa kabla ya aliyeandika nisaidieni. Na amri yoyote utakayopewa ipitishe kwa man kabla ya kuibonyezea Enter, hasa ikianza na sudo au rm. Kunakili ni halali. Kunakili bila kusoma ndiko kulikonipotezea zile picha, kwa namna yake.

Hatua ya nane: shindwa mapema

Bodi ikiwa imeungua, sema. "Hii si yangu, twende kwa mwenye mashine ya hewa ya moto." Mpeleke mwenyewe, kaa naye. Ukikosa jibu, sema nipe hadi kesho, na kesho ujitokeze, ukiwa na jibu au bila jibu. Nimeona mafundi wenye ujuzi kunishinda wakipoteza mtaa mzima kwa kuzima simu siku mbili.

Na kila laptopu inayopita mikononi mwako, faili za mwenyewe zikae sehemu mbili kabla hujaanza. Hata akisema hazina maana. Hasa akisema hivyo, maana hajafikiria bado.

Hatua ya mwisho: toa siri

Hii wengi hawaipendi. Baada ya kumpimia mwalimu muda mpya, sekunde 24 kwa saa ileile ya ukutani, nilichukua kalamu nene na kumwandikia zile amri sita kwenye karatasi, kila moja na kazi yake kwa Kiswahili. Nikaibandika kwa gundi ya karatasi chini ya laptopu. Nikamkalisha aandike lsblk mwenyewe, kwa kidole kimoja, na kusoma ukubwa wa diski kwa sauti kama nilivyokuambia wewe. Nikamwachia na fleshi.

Fanya hivyo hivyo. Usiogope kukosa kazi. Laptopu nzito haziishi.

Juzi nilipita kwake jioni. Barazani walikuwa wamekaa kijana wa bodaboda na binti wa chuo, kila mmoja na laptopu mapajani, na mwalimu katikati ameshika bisibisi. Nilisimama getini bila kuonekana. "Samahani fundi," binti alimuuliza, "hii skrubu inarudi upande gani?"